Hita ya sola Nyali: mirija ya glasi, paneli bapa au shawa ya umeme?

Mwenye_Nyumba: Salamu wadau. Nataka kufunga maji moto kwenye nyumba Nyali kabla ya Desemba. Bei nilizoletewa pamoja na kufunga: mirija lita 200 ni 95,000, paneli bapa lita 200 ni 165,000. Mwengine aniambia niachane na sola, niweke shawa za umeme. Kipi charudisha pesa upesi?

Fundi_Kongowea: Hujasema kitu bado. Watu wangapi? Maji ya mfereji au ya kisima? Tangi la baridi liko juu ya paa kwa mita ngapi?

Bamburi_Moja: Kwani maji moto ya nini Mombasa? Weka tangi jeusi juu ya paa, saa tisa alasiri yafungulie uone. Mambo ya kupasha maji moto waachie watu wa Limuru, kwenye baridi.

Mwenye_Nyumba: Vyumba vitatu vya wageni wa kulala, vikijaa watu 6. Kisima, maji yana chumvi. Paa la zege, tangi liko kwenye mnara, mita 2 juu ya paa.

Hesabu_Tupu: Sasa twaweza kuongea. Shawa ya lita 8 kwa dakika, dakika 5, ni lita 40. Watu 6 ni lita 240 kwa siku. Maji yetu yatoka na nyuzi 27, ya kuoga yataka 40, yaani nyuzi 13 tu. Lita moja yala Wh 1.163 kwa kila nyuzi, kwa hiyo jumla ni kama uniti 3.6 kwa siku. Tuchukulie uniti ni shilingi 30: shawa za umeme ni 109 kwa siku, kama 3,270 kwa mwezi vyumba vikijaa. Mirija yajilipa kwa miezi 29, bapa miezi 50. Vyumba vikijaa nusu ya mwaka, zidisha kwa mbili. Jua tunalo tele. Kinachokosekana ni baridi ya kulipia hiyo hita.

Bamburi_Moja: Si nilisema?

Fundi_Kongowea: Hesabu ni sawa ila imesahau chumvi. Shawa ya umeme kwenye maji ya kisima, koili yashika magadi (ukoko wa chumvi) mpaka inakatika, na ya kawaida haifai: nunua ya maji ya chumvi, waya wa mm² 6 na ELCB, swichi ya kukata umeme ukivuja. Vyumba vitatu vikiwasha pamoja ni zaidi ya kW 15. Muulize fundi umeme kama laini yako yabeba.

Kwenye sola, tangi la ndani la stenlesi 304 huanza kutoboka kwa chumvi pale lilipochomelewa. Chukua bapa yenye tangi la enameli na fimbo ya magnesi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ukague fimbo kila miezi sita. Bora zaidi ile ya koti, yaani tangi ndani ya tangi, ambapo maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli kabisa.

Mirija_Daima: Bapa ni kupoteza pesa. Mirija yapata moto hata siku za mawingu ya kusi.

Fundi_Kongowea: Yapata moto kupita kiasi, ndiyo shida. Kuna nyumba Shanzu ilifungwa mirija 20 bila tangi la baridi la akiba. Mfereji ukakauka siku mbili, wageni wakamaliza maji yote. Mirija mikavu kwenye jua hupita nyuzi 200. Maji yakarudi saa saba mchana, baridi ikagonga glasi, mirija minne ikapasuka. Mfumo huo hauna presha, mrija mmoja ukipasuka tangi lote lamwagika. Zege likalowa, dari ya chumba cha chini ikavimba. Ikanunuliwa mirija mipya, ikajazwa tena mchana. Ikapasuka tena! Hujazwa alfajiri au baada ya magharibi, au funika mirija kwa turubai kwanza. Na hapakuwa na vali ya kuchanganyia maji moto na baridi: maji yalitoka na nyuzi 80 bafuni. Weka vali, iseti 45.

Mirija_Daima: Hilo kosa la fundi, si la mirija.

Kilindini_Volti: Mbona hamtaji hita ya pampu ya joto, ile inayovuta joto la hewa? Hewa yetu ni ya moto, uniti 1 ya umeme yatoa 3 mpaka 4 za joto. Zile 3.6 zitakula kama uniti 1 tu.

Hesabu_Tupu: Na bei yake? Basi umeokoa shilingi 79 kwa siku.

Bamburi_Moja: Kanuni za Kenya za 2012 za hita za sola si zilitaka kila jengo la zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na sola, itoe angalau asilimia 60 ya moto huo? Nani alifunga mtaani kwenu?

Kilindini_Volti: Mada nyengine hiyo. Na paneli itazame wapi? Wengi wafunga kutazama bahari.

Fundi_Kongowea: Kaskazini. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini. Inamisha nyuzi 15. Ukilaza, maji hayazunguki. Kitako cha tangi la maji moto kiwe sm 30 juu ya kichwa cha paneli, la sivyo usiku maji moto yarudi kwenye paneli kupoa. Stendi isiwe ya chuma cha kupaka rangi.

Mwenye_Nyumba: Kutoka paani mpaka bafu la mwisho ni mita 20. Yafika moto?

Hesabu_Tupu: Bomba la plastiki la PPR la mm 25 lashika kama lita 4 hapo. Mgeni atazimwaga kila asubuhi akingojea. Au juu ya kisima, maji ya lori nawe wayanunua?

Bamburi_Moja: Na lori la maji siku hizi ni bei gani huko Nyali?