Bafle (spika) za nyumbani zinatoa piano ya mkia kweli, ao tunajidanganya?

Mpiga kinanda, Ibanda: Nafungua huu mjadala juu jirani yangu hapa Ibanda, Bukavu, amenichokesha. Amenunua bafle mbili za kusimama, ndefu kama mtoto wa miaka kumi, na kila jioni umeme ukirudi ananiita eti kuja usikie, funga macho, piano iko hapa saloni. Mi nafunga macho. Piano haiko, iko picha yake. Nimepiga kinanda kanisani miaka mingi na nimewahi kukaa kwenye piano ya mkia yenyewe, ile kubwa waya zimelala, ya tamasha, ya karibu mita 2 na senti 70, waya zaidi ya 200 zimekazwa mule ndani kwa nguvu ya tani 20 hivi, ubao mzima chini yake unatetemeka mpaka unasikia kwa magoti. Bafle ya nyumbani iko na karatasi ya kutetemeka ya sentimita 16. Nani anieleze vile hivyo viwili vinakuwa sawa?

Fundi wa Kadutu: Mzee wangu, shida ni besi tu. Ile noti ya la ya kwanza kabisa kushoto iko 27,5 hertz, ni kusema mitetemo 27,5 kwa sekunde, na bafle mingi ya nyumbani inaanza kuchoka kwenye 50. Ongeza subwufa, bafle ya besi peke yake, maneno imeisha.

Mpiga kinanda, Ibanda: Fundi hapo sikubali. Hata kwenye piano yenyewe ile 27,5 iko ndogo sana, sikio njo linaijenga lenyewe na zile za juu yake, 55, 82 na kitu, 110, kupanda. Ndiyo maana hata redio ndogo ya muuza makala inakuonyesha noti ni gani. Mi shida yangu iko kwa nyundo. Ile pigo la kwanza linaruka ghafla halafu linashuka, na hapo ampli, mashini ya kusukuma bafle, njo inaumbuka, juu sauti ikipanda desibeli 10 zaidi inaomba nguvu mara 10: unasikiliza polepole na wati 5, mpigaji akikasirika inaomba 50, ukikuwa kwa 20 inaomba 200, na ampli haina, basi inakata kichwa cha sauti na wewe unasikia kitu kavu kama kijiko kwa sahani.

Mama Koro: Na banaorekodi je? Banaweka mikrofoni karibu na waya, chini ya kifuniko. Nani anasikilizaga piano ameingiza kichwa mule? Halafu nyumbani mkono wa kushoto uko kwa huu ukuta, wa kuume kwa ule, piano imepanuka kama barabara ya Nyawera. Musionee bafle.

Mpiga kinanda, Ibanda: Mama, hapo umenipiga. Lakini hata wakiweka mikrofoni mbali kuna hii: piano inatupa sauti kila upande, chini, juu, kwa kifuniko, inazunguka chumba. Bafle zile sauti nyembamba inazitupa mbele kama tochi. Ukisimama pembeni kidogo, imezima.

Kijana wa Bagira: Sisi tunasikiliza kwa telefone na tunafurahi, munapigania nini

Fundi wa Kadutu: Wewe kaa kimya haukuona kaseti. Tepu ikichoka, piano njo ilikuwa inalia ya kwanza, noti ndefu inatikisika sawa mtu wa malaria, wakati gitaa za rumba zinavumilia tu. Kwa hiyo bafle za leo ni baraka, mzee, kubali.

Mpiga kinanda, Ibanda: Nakubali kitu kimoja, na jirani asisome hapa. Jana mke wake aliniita jikoni kwa chai, bafle zinapiga saloni, mlango nusu. Nikashika kikombe nikasimama. Kwa dakika mbili nzima nilijua kuna mtu anapiga piano mule ndani. Mlango ulikuwa umekula ile tochi, pigo limelainika, kimebaki chumba tu. Nikatoka kwenda kuangalia mikono. Halafu mvua ikaanza kwa mabati, hatukusikia tena kitu.

Fundi wa Kadutu: Ahaaa! Basi jirani ameshinda.

Mpiga kinanda, Ibanda: Nimesema jikoni, fundi. Bafle amenunulia saloni.