Modeli inakubali nikibana udongo wima, nikigeuza inakataa, naombeni ushauri

mchimba_msingi: Habari zenu wakuu, nimekwama wiki ya tatu sasa. Nina udongo wa mfinyanzi laini, sampuli hazijavurugwa, nimezipima kwenye traiaksio (mashine ya kubana sampuli wima na pembeni) bila kuruhusu maji kutoka. Nikibana wima Modified Cam-Clay, modeli ya kihesabu ya tabia ya udongo, inafuata data vizuri tu, ila nikija kwenye ekstensheni, yaani mkazo wa pembeni ukizidi wa wima, inanipa nguvu kubwa kuliko ya maabara, tena kwa mbali. Nimechezea lambda na kapa (namba za udongo kubanika na kurudi), nikirekebisha huku kunaharibika kule. Kosa ni la vipimo vyangu au modeli?

kokoto77: M, yaani mwinamo wa mstari wa nguvu ya udongo, uliyoweka ni ileile pande zote mbili? Kwa pembe ya msuguano ya digrii 30, M ni 1.2 ukibana wima, kwenye ekstensheni 0.86 tu. Anzia hapo.

mchimba_msingi: Nimeshatenganisha mkuu, imepungua ila bado inazidi.

mama_tabaka: Basi hiyo ni anisotropia mdogo wangu, udongo una tabia tofauti kila upande, vipimo vyako usivitilie shaka. Modeli hiyo ya Roscoe na Burland ya 1968 inachora duaradufu (mpaka ambao udongo ukiufikia unalegea) iliyonyooka kwenye mhimili wa p, wastani wa mkazo, yaani kwake juu na pembeni ni kitu kimoja, wakati udongo wako umetuama tabaka juu ya tabaka ukabanwa na uzito wake miaka na miaka mpaka chembe zikalala, kwa hiyo duaradufu yake imeinama kuelekea mstari wa K0 (uwiano wa mkazo wa pembeni kwa wa wima udongo usipotanuka pembeni) na ukiusukuma upande wa pili inalegea mapema. Piga hesabu uone, kwa digrii 30 kanuni ya Jaky inakupa K0 ya 0.5, Cam-Clay ukiacha elastiki, sehemu ya umbo inayorudi mzigo ukitoka, inatoa kama 0.67, hilo si pengo la kufumbia macho. Jaribu S-CLAY1 ya Wheeler na wenzake, 2003, modeli yenye duaradufu iliyoinama. Mwinamo wa mwanzo, alfa, unautoa kwenye M na K0 tu, kwa mfano huo ni kama 0.46, na beta, namba ya mchango wa mkato kwenye kuigeuza duaradufu, 0.76, hakuna jaribio jipya. Kazi ipo kwenye mu, kasi ya duaradufu kugeuka, hiyo huisomi popote, unabahatisha na kulinganisha na jaribio lililoiacha mbali njia ya K0.

kokoto77: Ila elastiki yake bado ni isotropia, sawa kila upande, kama ugumu wa mwanzo mwanzo ndo unatofautiana wima na mlalo haitakusaidia hapo.

mchimba_msingi: Ugumu haupishani sana, shida ni nguvu. Nina jaribio moja nililobana sawa pande zote mpaka mkazo mkubwa, naanza kutafutia mu hapo leo hii. Asante sana dada.