Kisima kinanuka petroli: hii dawa ya bakteria ni kweli?

MamaJuniorKibamba: Wakuu habarini. Kisima changu cha mita 18, jirani na sheli, kinanuka petroli tangu masika. Ukichota asubuhi unaona rangi rangi zinaelea kwenye ndoo. Kuna kijana kaniletea unga, anadai ni bakteria wa Ulaya: namwaga kisimani, baada ya wiki nakunywa. Anataka laki nne. Nimpe?

Kidume_wa_Pwani: Chemsha tu dada, petroli inaruka na mvuke.

MchotaSampuli: Usichemshe! Huo mvuke wenye benzini, sumu iliyomo kwenye petroli, utauvuta wewe na watoto hapo jikoni. Acha kutumia hayo maji na ripoti NEMC, wale wa mazingira, maana tangi likiendelea kuvuja mengine yote ni bure.

Mimi niko South Carolina, kazi yangu kuchota sampuli visimani. Bakteria wanaokula petroli tayari wapo kwenye udongo wako. Kinachowakwamisha ni pumzi. Lita ya maji hubeba oksijeni miligramu 8 hivi, na kumaliza gramu moja ya benzini kunahitaji kama gramu 3. Ndiyo maana tunashinda na kompresa tukisukuma hewa ardhini. Huku Hanahan yalivuja mafuta ya ndege mwaka 1975, galoni 80,000 hivi. Mwaka 1992 wakaanza kupenyeza virutubisho ardhini huku wakivuta maji machafu. Kufikia mwisho wa 1993 uchafu kwenye makazi ulikuwa umepungua kwa asilimia 75. Kijana wako anasema wiki?

Kidume_wa_Pwani: Kwa hiyo bakteria wa kununua ni utapeli mtupu?

MchotaSampuli: Hapana mkuu. Kwa dawa za drai klina zilizovuja ardhini mambo yanageuka. Pale kazi inafanywa na bakteria waitwao Dehalococcoides, na oksijeni kwao ni sumu. Wasipokuwepo, dawa huvunjika nusu njia na kuishia vinili kloridi, sumu mbaya kuliko ile ya mwanzo. Hao tunawanunua, wanakuja kwenye mtungi uliozibwa hewa isiingie. Kabla ya kuwashusha tunasukuma mafuta ya kula au molasi ardhini, ili oksijeni iliyopo iishe. Maji yakianza kutoka meusi, yananuka yai viza, mimi nafurahi, maana ni dalili oksijeni imeisha. Mke wangu ndiye hafurahi, suruali zangu zinafuliwa nje.

MamaJuniorKibamba: Asante kaka. Nimemuuliza yule kijana bakteria wake wanapumua nini. Kasema ni siri ya kampuni, kisha kashuka hadi laki mbili na nusu.