Kaulimbiu za kushambulia watu kwenye karatasi ya kura Marekani: uhuru wa maoni unaishia wapi?

Kipanga_Kura aliuliza:

Wakuu, salaam. Kule New Jersey mgombea wa kura ya mchujo anachapishiwa kaulimbiu kando ya jina lake kwenye karatasi ya kura. Ila akitaja jina la mtu, lazima awe na kibali cha maandishi cha mtu huyo. Nchi ambayo Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanamruhusu mwananchi kumsema rais atakavyo, inapata wapi ubavu wa kumzuia mgombea kuandika maneno sita? Nasikia kesi ilifunguliwa na wagombea wakashindwa. Walishindwa kwa hoja gani? Na mgombea mwenyewe afanyeje ili kaulimbiu yake isikatwe?

Bi_Ibara:

Kesi unayoisema ni ya Eugene Mazo na Lisa McCormick, waliogombea Bunge la Marekani kwenye mchujo wa chama cha Democratic mwaka 2020. McCormick alianza kwa kuomba "Not Me. Us." (Si mimi, ni sisi). Ikakataliwa kwa sababu kuna chama (jumuiya, si lazima cha siasa) kilichosajiliwa New Jersey kwa jina hilohilo, naye hakuwa na kibali chake. Akaja na kali zaidi: "Bernie Sanders Betrayed the NJ Revolution", yaani Sanders, yule seneta, ameyasaliti mapinduzi ya New Jersey. Hesabu maneno, ni sita kamili, kwa hiyo urefu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mawili ya mwanzo. Mwisho akaingia na "Democrats United for Progress", ambayo haimgusi mtu yeyote. Mazo yeye alitaka kutaja majina ya vyama vya kaunti ambavyo havikumpa kibali.

Sheria yenyewe inasema hivi: kaulimbiu isizidi maneno sita, ieleze sera ambayo mgombea ameahidi kuisimamia au mrengo wake ndani ya chama. Ikitaja mtu yeyote, au chama kilichosajiliwa jimboni humo, kibali cha maandishi kiwasilishwe pamoja na fomu ya uteuzi.

Kesi iliamuliwa na kipimo ambacho majaji walichagua kukitumia. Mahakama za Marekani zina kipimo kikali, kinachotumika serikali inapozuia maneno kwa sababu ya maudhui yake. Hapo sheria nyingi huanguka. Kipo kingine cha kanuni za kuendesha uchaguzi, kilichotokana na kesi mbili za mwaka 1983 na 1992: mzigo anaobebeshwa mgombea unawekwa upande mmoja, sababu za jimbo upande wa pili, halafu wanapima. Walalamikaji waling'ang'ania kipimo cha kwanza. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, Novemba 2022, ikatumia cha pili, kwa sababu sheria inagusa karatasi ya kura yenyewe na haigusi kampeni. Mabango, redio, mikutano, nyumba kwa nyumba: kote huko McCormick alikuwa huru kumwita Sanders msaliti kutwa kucha. Mzigo ukaonekana mdogo. Upande wa jimbo kulikuwa na haja ya kuzuia mpiga kura asidhani fulani anamuunga mkono mgombea ilhali hajawahi kumsikia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Msingi wa yote haya ni kesi ya Timmons ya mwaka 1997, ambako Mahakama ya Juu ilisema kazi kuu ya karatasi ya kura ni kuchagua wagombea, haikuwekwa iwe jukwaa la siasa.

Hoja_Kinzani:

Bi Ibara ameeleza vizuri uamuzi, ila mimi naona majaji wameruka shimo moja. Kwenye maandishi sheria haibagui: ukimsifu mtu unahitaji kibali, ukimponda unahitaji kibali. Kwa vitendo, nani atasaini karatasi ya kuruhusu aitwe msaliti? Sifa zinapita, lawama zinakwama. Sheria isiyobagua kwa maneno inabagua kwa matokeo.

Hoja ya aina hiyo ilirudi Mahakama ya Juu mwaka 2024 katika kesi ya Vidal dhidi ya Elster. Jamaa alitaka kusajili alama ya biashara ya "Trump Too Small" kwa ajili ya fulana, akakataliwa kwa kukosa kibali cha Trump. Alishindwa pia. Majaji wote tisa walikubaliana na matokeo, ingawa kwa njia walizopita hawakuelewana. Hivyo kwa sasa sheria za kibali cha jina zimesimama imara, tupende tusipende.

Tusisahau kwamba kamba hii inaifunga serikali pia. Missouri iliwahi kutaka kuchapisha kando ya jina la mgombea maneno ya kumwambia mpiga kura kwamba huyu amepuuza maagizo ya wananchi kuhusu ukomo wa vipindi vya ubunge. Mahakama ya Juu iliyafuta mwaka 2001 katika kesi ya Cook dhidi ya Gralike. Na mwaka 1964 ilifuta sheria ya Louisiana iliyolazimisha rangi ya mgombea ichapishwe kwenye karatasi ya kura. Hapo ndipo ninapokubali kwamba karatasi hiyo si ya kuchezewa: neno lililo pale ndilo la mwisho analolisoma mtu kabla hajachagua.

Karani_wa_Fomu:

Kwa upande wa utendaji, New Jersey mtu hufuata hivi. Andika kaulimbiu tatu, usiandike moja. Kila moja ihesabu maneno, kisha itafute kwenye daftari la kampuni na vyama vilivyosajiliwa jimboni. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu maneno ya kawaida kabisa yanaweza kuwa jina la chama cha mtu. Kama lipo, pata barua ya kibali iliyosainiwa na uipeleke pamoja na fomu, isije ikafuata baadaye. Usisubiri siku ya mwisho, maana ukikataliwa jioni ya mwisho huna pa kukimbilia. Shambulia sera, usitaje mtu: kaulimbiu ya kupinga kodi fulani inaweza kuwa kali kuliko pilipili na isiguse sharti la kibali.

California ni ngumu zaidi. Hawatoi kaulimbiu kabisa. Unapewa maneno yasiyozidi matatu ya kueleza kazi yako kuu ya sasa, au uliyoifanya mwaka wa kalenda uliotangulia kuwasilisha fomu. Maneno ya kujisifu kama "bingwa" au "mashuhuri" hayapiti. Jina la mahali huhesabiwa neno moja hata likiwa na maneno mawili. Ukikataliwa unapewa siku tatu za kazi kuleta mbadala. Ukikaa kimya, jina lako linachapishwa tupu. Mgombea wa udiwani Santa Monica aliomba aitwe mwanaharakati wa amani, wakakataa, akaenda mahakamani na mwaka 2002 akashindwa kwenye rufaa.

Pwani_Moja:

Uingereza nao walijifunza kwa maumivu. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya 1994, eneo la Devon, mgombea mmoja alijiandikisha kama "Literal Democrat", herufi moja tu tofauti na jina la chama cha Liberal Democrat. Akapata kura 10,203. Mgombea halisi wa Liberal Democrat akashindwa kwa kura 700. Baada ya hapo, 1998, ikaja sheria ya kusajili vyama. Siku hizi maelezo ya chama kwenye karatasi hayazidi maneno sita, na Tume ya Uchaguzi inayapitisha kwanza. Mgombea asiye na chama anaandikiwa "Independent" au haandikiwi kitu.

Kwetu karatasi haina kaulimbiu, ila msidhani alama ni bubu. Kura ya maoni ya Kenya 2005 iliwapa "ndiyo" ndizi na "hapana" chungwa, na chungwa likazaa chama cha ODM. Mwaka 2010 wakahamia rangi, kijani na nyekundu.

Kipanga_Kura:

Asanteni sana wakuu. Na mtu akiamua kubadili jina lake kisheria liwe ndiyo kaulimbiu?

Karani_wa_Fomu:

Imeshafanyika Idaho. Marvin Richardson, mpinga utoaji mimba, alibadili jina akawa Pro-Life, na mwaka 2008 akagombea Seneti. Bunge la jimbo halikumzuia kutumia jina, likatunga sheria ya kumtambulisha. Kwenye karatasi ya kura, baada ya jina lake jipya, yakafuata maelezo kwamba huyu ni mtu, na zamani alijulikana kama Marvin Richardson.