Laptopu ya mtumba, RAM GB 8, bando dogo: nipangeje mashine ya kuandikia programu?

mwanagenzi_Nyegezi

Wakuu, habari za jioni.

Nina HP EliteBook 840 G3 ya mtumba kutoka Kariakoo: i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD GB 256. Ilikuja na Windows 10. Microsoft walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo nimeamua kuhamia Linux moja kwa moja.

Mchana naandika Laravel (ya PHP) kwa mwajiri, usiku React (ya JavaScript) kwa miradi yangu. Nikifungua kihariri, brauza yenye kurasa kadhaa na kontena mbili za Docker (vyumba vya kuendeshea programu, kila moja peke yake), feni inaunguruma kama mashine ya kusaga halafu kila kitu kinaganda. Umeme wa huku unakatika bila hodi na betri imechoka. Bando nanunua la wiki, siwezi kupakua hovyo.

Naomba kujua: Linux ipi? Kihariri gani? Na nifanyeje `commit` za Git (rekodi za mabadiliko ya msimbo) za kazini zitoke na barua pepe ya kazini, za kwangu zitoke na ya kwangu, bila kubadilisha kila mara? Nimeangalia video nyingi za watu wanaopamba terminali zao, nimeambulia rangi tu. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Seva

Mkuu, ongeza RAM kwanza. Mengine porojo.

BiTerminali

Mzee kasema kweli ila kabana maneno, kama kawaida yake.

Mdogo wangu, 840 G3 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4. Kabla hujaenda kwa fundi, washa Linux kutoka kwenye flashi uandike `sudo dmidecode -t memory`. Ukiona mahali pameandikwa "No Module Installed", una bahati: tafuta kipande kingine cha GB 8 uchomeke. Hakuna mpangilio wowote utakaoufikia msaada wa kipande hicho. Mimi nawapangia mashine vijana wa ofisini kwetu hapa Tanga, na anayekuja kuniuliza habari za mandhari ya terminali wakati RAM yake imejaa namrudisha akaongeze RAM.

Linux: chukua Mint 22, toleo la Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, itahudumiwa hadi 2029, na Xfce haina makuu. Watu wa Arch, ile Linux ya kujijengea mwenyewe, watakuja hapa. Wasalimie, endelea na kazi. Faili la kusakinishia ni karibu GB 3, lipakue kwa bando la usiku au lichukue kwa rafiki. Popote utakapolipata, linganisha `sha256sum` yake (alama ya kutambulisha faili) na ile iliyopo kwenye tovuti ya Mint.

Ukishasakinisha, weka `zram-tools`. Inabana ndani ya RAM yale yasiyotumika kwa wakati huo, badala ya kuyasukumia kwenye diski. Fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Ongeza na `earlyoom`: RAM ikikaribia kwisha inaua programu moja iliyonona kabla mashine nzima haijaganda. Mara nyingi ni brauza ndiyo inayokwenda. Na iende.

Docker sasa. Kwenye Windows, Docker Desktop huendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na hiyo inakula RAM kabla hata kontena lako halijaamka. Kwenye Linux kontena linatumia kiini cha mfumo wenyewe. Lakini usije ukaweka Docker Desktop ya Linux, maana nayo inakuja na mashine pepe yake, weka `docker.io` na `docker-compose-v2` kutoka hazina ya kawaida ya apt, kisakinishaji cha Mint. Na kama mwenzako ofisini tayari ana imeji (kifurushi cha kuanzishia kontena) unayoitaka, mwambie afanye `docker save -o imeji.tar` na jina la imeji, akuwekee kwenye flashi, wewe ufanye `docker load -i imeji.tar`. Bando halijaguswa.

Hapa pa umeme nitakaa kidogo, kwa sababu video ulizoangalia zimetengenezwa na watu wasiokatiwa umeme. Git, ikiachwa ilivyo, haisubiri diski ithibitishe kuwa kila kipande kipya kimeandikwa kweli. Umeme ukikatika muda mfupi baada ya `git commit`, unaweza kuwasha ukakutana na "object file is empty" na repo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) inagoma. Tangu Git 2.36 ya mwaka 2022 dawa ipo:

`git config --global core.fsync committed`

Kila `commit` itachelewa kidogo, kwa SSD hutaiona tofauti. Huu ni mstari wa kwanza kwenye kila mashine inayopita mikononi mwangu, na sijui kwa nini hausemwi zaidi.

Halafu tmux, programu ya kutunza madirisha ya terminali. Inakulinda dirisha la terminali likifungwa au SSH (muunganisho wako na seva ya mbali) ikikatika. Mashine yenyewe ikizimika, nayo imekwenda. Ongeza plagini za tmux-resurrect na tmux-continuum. Continuum huhifadhi mpangilio wa madirisha na folda ulizokuwemo kila dakika 15 usipoibadilisha. Haifufui kila programu iliyokuwa inaendeshwa, ila ukiwasha unajua ulikuwa wapi.

Kihariri: kama umezoea VS Code, baki nayo. Kubadilisha mfumo na kihariri kwa wiki moja ni kujitafutia maradhi. Ila ipunguze uzito. Tengeneza wasifu wawili humo ndani, mmoja wa PHP na mwingine wa React, ili plagini za usiku zisiamke mchana. Kwenye mipangilio weka `"files.autoSave": "afterDelay"`, umeme ukienda usipoteze kitu, na kwenye `files.watcherExclude` ongeza `**/vendor/**` na `**/storage/**`. Laravel huandika mafaili kwenye `storage` muda wote, na kihariri kinahangaika kuyafuatilia bila faida yoyote kwako.

Bando: hama npm, kipakuzi cha vifurushi vya JavaScript, tumia pnpm. Kifurushi kikishapakuliwa mara moja kinakaa kwenye ghala moja la mashine yako, na mradi unaofuata unakiunganisha kutoka humo bila kupakua tena. `pnpm install --offline` inafanya kazi bila mtandao kabisa ikiwa kila kinachohitajika kimo ghalani. Composer, ya vifurushi vya PHP, nayo ina akiba yake, kwenye `~/.cache/composer`, usiifute ukitafuta nafasi. Repo kubwa zichukue kwa `git clone --filter=blob:none`, utapata historia bila kubeba kila toleo la kila faili. Na weka `zeal` usome nyaraka za PHP, Laravel na React bila intaneti. Zipakue mara moja usiku, basi.

Mipangilio yenyewe iweke kwenye folda moja, tuseme `~/mipangilio`, iwe repo ya Git. Ndani yake folda ya kila programu: `git`, `tmux`, `bash`. Kisha ingia humo, `stow -t ~ git tmux bash`, na GNU Stow itakutengenezea viungo kwenye folda yako ya nyumbani. Ukihariri `.tmux.conf` unahariri faili lililo ndani ya repo. Mashine ikiibiwa, unachukua repo, unaita stow, umerudi kazini. Orodha ya vifurushi iandike kwa mkono kwenye faili la kawaida. `apt-mark showmanual` kwenye Mint itakumwagia mamia ya vitu ambavyo hukuvichagua wewe. Funguo za siri za SSH na mafaili ya `.env` (yenye nywila za mradi) hayaingii humo hata kama repo ni ya faragha.

Barua pepe mbili: miradi ya kazini yote iweke chini ya `~/kazi`, halafu soma `includeIf` kwenye nyaraka za Git. Ni mistari miwili, ukikwama rudi.

MvuviWaMsimbo

Dada BiTerminali, nakuheshimu sana, lakini huyu ndugu yetu hana haja na Docker hata kidogo. Mimi niko Mombasa, mashine yangu haina tofauti kubwa na yake, na PHP nimeiweka moja kwa moja kwa apt. `php artisan serve`, kazi inaendelea. Tangu Laravel 11 ya mwaka 2024 mradi mpya unakuja na SQLite kama chaguo la kwanza: hifadhidata ni faili moja, hakuna seva ya kuwasha. RAM yote aliyokuwa akiwapa kontena arudishiwe brauza.

Na kuhusu kihariri, Vim inafunguka kabla hujatoa kidole kwenye Enter. Mwaka 1991 Bram Moolenaar, yule Mholanzi aliyeiandika, aliitoa bure, na aliyetaka kumshukuru alimwomba achangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikokwenda kufanya kazi mwaka 1994. Hadi alipofariki mwaka 2023 hakubadilisha. Ukiifungua Vim bila faili, ukurasa wa kwanza wenyewe mara nyingi unakutajia Uganda. Andika `:help uganda` usome. Programu yenye mkono wa jirani zetu namna hiyo, wewe waiacha wafuata nini?

BiTerminali

Kaka Mvuvi, miradi yake ya usiku, sawa, SQLite inatosha. Ya mwajiri hapana. Kama seva ya kazini inatumia MySQL, basi na yeye atumie MySQL. SQLite, ikiachwa ilivyo, hukubali maneno kwenye safu uliyosema ni ya namba, MySQL inakataa, na hilo atalijua siku ya kupandisha kazi wakati bosi amesimama nyuma ya kiti. Abaki na kontena moja la MySQL, aliwekee `mem_limit: 512m` kwenye faili la compose (linaloorodhesha kontena zake), na PHP aiweke kwa apt kama ulivyosema. Hapo tumekutana katikati.

Vim sina ugomvi nayo, natumia kila siku kwenye seva. Ila ana tarehe za kukabidhi kazi. Akaanze na `vimtutor` siku za Jumapili.

Mzee_wa_Seva

Na abadilishe betri.

mwanagenzi_Nyegezi

Wakuu, ahsanteni sana. Mzee, shikamoo, betri nimeagiza. Nafasi ya pili ya RAM ilikuwa wazi, sasa nina GB 16. Mint imeingia vizuri, hata Wi-Fi ilishika yenyewe. MySQL kwenye kontena, PHP kwa apt, feni imenyamaza hadi naigusa kuhakikisha mashine inawaka.

Nimebakiwa na barua pepe. `~/.gitconfig` yangu iko hivi:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
[user]
    name = Mwanagenzi
    email = (ya kwangu binafsi)
[core]
    fsync = committed
```

Na ndani ya `.gitconfig-kazi` kuna `[user]` yenye barua pepe ya kazini. Lakini nikiwa `~/kazi/duka` bado `commit` inatoka na ya kwangu. Dada, nimekosea wapi?

BiTerminali

Pawili, mdogo wangu.

Kwanza mkwaju wa mwisho. Andika `gitdir:~/kazi/`. Ukimalizia na mkwaju, Git inaelewa "folda hii na kila repo iliyo ndani yake". Bila mkwaju inatafuta repo ambayo `.git` yake ndiyo hiyo `~/kazi` yenyewe, na hiyo haipo.

Pili mpangilio. Git inasoma faili kutoka juu kwenda chini, na kinachosomwa mwisho ndicho kinachoshinda. Ulivyoweka, hata mkwaju ukiwepo, `[user]` ya chini ingefuta ya kazini. Kipeleke kipande chote cha `includeIf` mwisho wa faili.

Kisha ingia `~/kazi/duka` uandike:

`git config --show-origin user.email`

Itakuonyesha barua pepe pamoja na faili ilikotoka. Ukiona `.gitconfig-kazi`, umemaliza. Toka uingie kwenye mradi wako wa React urudie amri ileile, uone `.gitconfig`.

`commit` ya mwisho iliyotoka na barua pepe isiyo yake, kama hujaipandisha, irekebishe kwa `git commit --amend --reset-author --no-edit`. Zile ulizokwisha kupandisha kwenye seva ya kazini ziache kama zilivyo, usiwavurugie wenzako historia kwa ajili ya barua pepe.

mwanagenzi_Nyegezi

Imekubali, inaonyesha `.gitconfig-kazi`. Mvuvi, nimefungua Vim, Uganda nimeiona. Sasa nisaidieni nitoke.

MvuviWaMsimbo

Bonyeza Esc, kisha `:q!` na Enter. Karibu chamani.