Mrejesho: nguo za baridi za binti yangu tumezipata Darajani
Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliwauliza nimvalishe nini binti yangu anayekwenda kusoma Ankara, Uturuki, kwenye theluji, nami sitaki avae meusi tupu. Ahsanteni sana, nguo tumepata.

Tulidamkia mitumba ya Darajani siku ya kufungua robota. Sweta zilikuwa chini kabisa, maana Unguja hata kipupwe hakizihitaji. Mmoja wenu alisema nisome lebo ya ndani ya nguo, na ndicho kilichoniokoa. Nilipenda moja ya rangi ya embe bivu, laini, kumbe akriliki tupu, yaani nyuzi za plastiki! Nikairudisha. Ya sufu yenyewe, inayotia joto hata ikipata unyevu, ilikuwa ya zambarau, kiwiko kimetobolewa na viwavi wa nondo. Nikashona kiraka cha kanga nyekundu. Kimetoka kama ua.

Ndani atavaa fulana ya kubana, juu yake sweta, kisha koti la kijani lisilopitisha upepo. Viatu atanunua huko huko. Sweta nimeifua kwa maji baridi nikaianika kwa kuilaza, isivutike. Jana kavaa zote sebuleni, jasho linamtiririka, na kuvua hataki.