Tupeane uzoefu: riwaya gani ya vijana unaisoma sasa hivi, na umefika wapi?

Mama Kimanga

Habari za jioni wapendwa. Nina kisa kabla ya swali.

Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kanijia jikoni na daftari. "Mama, dhamira za Watoto wa Mama N'tilie ni zipi?" Nikamjibu huku nakuna nazi, bila hata kugeuka: umaskini, ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke, maisha ya mtaani. Hoja tatu kutoka kila kitabu, kama tulivyofundishwa. Akaandika zote. Halafu akauliza, "Sasa huyu Zita mwenyewe yukoje? Mpole? Mkorofi?"

Mkono ukasimama kwenye mbuzi. Sikujua. Kitabu kile nilikijibia mtihani nikapata B, na mtoto wa watu simkumbuki hata sura.

Basi usiku ule nikakichukua. Emmanuel Mbogo alikitoa 2002, mimi nilikisoma 2008, au nilidhani nimekisoma. Nimefika pale Peter na Zita wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na sare, na nyumbani kwenyewe mama anahangaika na masufuria yake, baba yao Mzee Lomolomo yuko na chupa. Wanaishia kwenye jaa la Tabata kuokota. Tabata hii hii ninayoishi! Nilipokuwa shule hilo jina lilikuwa "mandhari", unaliandika, unaweka mkato, unaendelea. Sasa napita na bajaji kila asubuhi nawatafuta kwa macho.

Swali langu: wewe unasoma riwaya gani ya vijana kwa sasa? Iwe mpya, iwe ile ya shuleni unairudia, iwe ya mtoto wako umeiba begini. Sharti ni moja, usituletee uchambuzi wa mwongozo. Sema umeipata wapi, umefika wapi, inakugusa wapi au inakuchosha wapi.

Mzee wa Relini

Mama Kimanga umenirudisha mbali. Hilo jaa lilikuwepo kweli, si la kutunga. Moshi wake ulikuwa unaingia mpaka kwenye chungu cha maharage. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashinda, na magari bado yakaendelea kuja kumwaga kwa muda. Baadaye taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, leo ni Pugu Kinyamwezi. Kitabu kinatoka 2002, jaa la Tabata lilishafungwa zamani. Kwa hiyo usiwatafute asubuhi na bajaji, hutawaona. Wanangu nikiwaambia hapa palikuwa na jaa wanadhani nawatania, wanaona maghorofa tu.

Mimi sisomi riwaya siku hizi, macho. Ila hiki nitakitafuta, mjukuu atanisomea.

Mtoto wa Kitale

Hamjambo wenzangu, salamu kutoka Kenya. Mimi narudia Siku Njema ya Ken Walibora. Nimeinunua inama, pale Tom Mboya Street, bob mia moja na hamsini. Kwa ndugu wa Tanzania: inama ni wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini kando ya barabara, lazima uiname ndio usome jalada.

Sasa sikieni aibu yangu. Shuleni kila mmoja wetu alikuwa na daftari la "mapambo". Unapewa Siku Njema, unaifungua, unawinda tashbihi, methali na misemo, unanakili, kisha unaipachika kwenye insha yoyote ile. Ajali barabarani, harusi, siku ya michezo, lazima upenyeze. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikizoea kitabu kiasi kwamba akikuta sentensi ya Walibora kwenye insha yangu anaandika kando kwa wino mwekundu: "Mwambie Kongowea asante."

Nilikimaliza kitabu hivyo, nikikidonoa kama kuku. Mwezi huu ndio nimekisoma kama mtu. Kongowea ni kijana wa Tanga anayelelewa na mama mwimbaji wa taarabu, Zainabu, watu wanamcheka kwa sababu baba yake hajulikani, na hatimaye anaondoka kumtafuta huyo baba hadi Kitale. Kitale kwetu! Mimi pia babangu sikumwona hadi nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Yaani nilikuwa naiba tashbihi kwa kitabu kinachonizungumzia mimi mwenyewe na sikuona.

Lawama ninayo moja. Mambo yanamnyookea huyu kijana kupita kiasi kuelekea mwisho. Maisha hayana huruma hivyo, nawaambia kama mtu aliyefika kwa babake akakuta mlango umefungwa. Lakini riwaya ilitoka 1996, na nikikumbuka vile Walibora alitutoka Aprili 2020, amegongwa na gari hapo Nairobi, nakosa nguvu za kumkosoa.

Willy wa Buguruni

Nyie watoto. Riwaya yetu ya vijana ilikuwa Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, chini ya dawati, Kufa na Kupona, jalada limefunikwa gazeti ili lifanane na Jiografia. Hakuna aliyetuuliza dhamira. Ndiyo maana mpaka leo naikumbuka.

Jua la Saa Sita

Nasoma viwili kwa pamoja, na kuna sababu.

Mimi nina ualbino. Sekondari nilisoma Kanda ya Ziwa, miaka ile ambayo redio ilikuwa kila wiki na habari ya mwenzetu aliyekatwa au aliyeuawa. Mama alikuwa ananisindikiza shule asubuhi na kunifuata jioni, na mimi nikiwa msichana mkubwa naona aibu. Sasa katikati ya hali hiyo mwalimu anaingia na Takadini ya Ben Hanson. Hajaandika hata tarehe ubaoni, darasa zima limeshageuka kunitazama.

Akanisimamisha. "Mwenzenu atatueleza zaidi." Nieleze nini? Mama anamkimbiza mtoto mwenye ualbino kwa sababu mila inataka auawe, mimi ndiyo nitoe ufafanuzi? Nilisema sijui, nikakaa. Mpaka tunamaliza kidato cha nne kuna mvulana aliniita Takadini, na wengine walimfuata. Mtihani ulipotoa swali la kitabu hicho, sikuligusa, nilijibu la tamthiliya.

Mwaka huu nimekinunua mwenyewe, kwa hela yangu, kwenye vitabu vya mtumba. Nimeshakimaliza mara moja na nimerudi mwanzo. Kwa Kishona jina lenyewe ni kama kuuliza, tumefanya nini? Hilo sikuwahi kulitilia maanani, nilikuwa nalisikia kama tusi. Nilipofika pale Sekai, mama yake, anaondoka usiku na mtoto mgongoni nililia ndani ya daladala, konda akaniuliza kama nimeibiwa simu. Na yule mzee Chivero anayemfundisha kijana kupiga mbira, namna anavyomfundisha bila kumhurumia, mkono huu hapa, kidole hiki hapa, natamani kila mwalimu angesoma sehemu hiyo tu na aache nyingine.

Cha pili ni cha Kiingereza, Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha 2011. Nimeazimwa na rafiki aliyesoma nje. Nasoma na kamusi ya kwenye simu, kwa hiyo polepole, niko kama theluthi. Sunny ana miaka 12, yuko Aba, Nigeria, ana ualbino, na anapenda soka ila anacheza jua likishazama. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Mimi rede nilicheza saa kumi na mbili na nusu jioni maisha yangu yote, wenzangu wakiitwa kuoga ndiyo mimi natoka.

Raha yake ni hii: ualbino umo lakini hadithi haijakaa kumlilia. Sunny ana rafiki zake, ana wivu, ana kiburi, ana mambo ya kujifunza, na kuna mtu anateka watoto mjini. Takadini tunamwonea huruma kuanzia mwanzo. Huyu nagombana naye.

Ila kuna kitu kinanikera na sijui nikiweke wapi. Kule kwenye uchawi wa hadithi, ualbino wake unahesabiwa kama ishara kwamba ana uwezo, kwamba mtu kama sisi ana mguu mmoja huku na mmoja upande wa pili. Msomaji wa mbali ataona ni heshima. Mimi nimekulia mahali ambapo imani hiyo hiyo, kwamba miilini mwetu kuna kitu, ndiyo iliyofanya mama anisindikize shule. Bado nasoma. Huenda mwandishi analijua hilo na atalifikia mbele. Msiniambie mwisho!

Mama Kimanga

Jua la Saa Sita, nimesoma maneno yako mara mbili. Huyo mwalimu, basi tu.

Mtoto wa Kitale

Dadangu, pole sana. Hata huku "mwenzenu atatueleza" inajulikana, mimi niliulizwa kuhusu baba.

Baba Wanne

Mimi nimekuja na kesi. Binti yangu wa pili, miaka kumi na sita, nimemkuta na Rosa Mistika ya Kezilahabi. Nikamnyang'anya. Mimi najua kitabu kile, kilitoka 1971 na kiliwahi kukatazwa mashuleni, nilisikia sana habari zake kwa kaka zangu ingawa mwenyewe sikuwahi kukisoma. Nikamwambia hiki si cha umri wako. Akaninyamazia, akaenda kulala.

Saa nne usiku nikasema ngoja nione hicho kilichokatazwa. Jamani. Mwanzo mwanzo tu, huko Ukerewe, Rosa anapata barua ya mvulana na Zakaria, baba yake, mlevi, anamshushia kipigo. Anambana yule mtoto asizungumze na mvulana yeyote, halafu anapokuja kutoka nje ya mikono yake hana hata kinga moja, anaanguka vibaya. Nimesoma mpaka saa nane. Mimi sinywi, na mkono wangu sijawahi kuuinua kwa binti. Lakini nilikaa kitandani na kile kitabu nilichokinyang'anya, mke wangu ananiuliza una nini, sikuwa na la kumjibu.

Naomba ushauri wenu, nimrudishie au nisubiri amalize kidato cha nne?

Mkerewe

Kaka, Zakaria alinyang'anya barua, wewe umenyang'anya kitabu. Jibu umeshalipata saa nane usiku.

Mimi nilikisoma nikiwa na miaka kumi na tano, kwa siri, kopi imechanika jalada. Mama alijua, akajifanya hajui. Kilichonishangaza ni kwamba kilikuwa kinataja kisiwa changu. Nilidhani vitabu huandikwa kuhusu Dar es Salaam. Ni kweli kina mambo mazito, na mwisho wake ni mchungu sana, asikisome peke yake. Msome wote wawili.

Baba Wanne

Nimeshakirudisha mezani pake. Nimeacha risiti ya umeme wa LUKU ndani, pale nilipofika, ili ajue.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Wenzangu mie narudia Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Mtasema si ya vijana. Yasmini ana miaka kumi na tano anaozwa Bwana Raza, mzee wa miaka hamsini na mbili, sasa kama huyo si kijana ni nani? Tatizo langu ni wajukuu. Wameiona filamu, basi kila nikifungua kitabu wananambia "bibi tushaijua hiyo". Hamjaijua. Kwenye kitabu kuna maneno ya Unguja ambayo huko nje yashapotea, nikiyakuta nayasoma kwa sauti peke yangu. Haya, nakwenda kukaanga samaki.

Kidato cha Tatu B

Shikamooni wote.

Mimi sijamaliza riwaya hata moja, nasema ukweli. Darasani kwetu tuko sabini na kitu, vitabu vya riwaya viko vinne, na kimoja kiko kwa mwalimu. Tunasoma mwongozo. Naujua mwongozo wote, ukiniuliza dhamira za Watoto wa Mama N'tilie nakutajia. Ila nilipoona swali la mtoto wa Mama Kimanga kuhusu Zita, na mimi nikagundua sijui.

Jana nimekwenda steshenari, jamaa ana kopi ya kitabu chote, imefungwa kwa pini, elfu nne. Nimenunua. Najua haifai kwa mwandishi, mtanisamehe, kitabu chenyewe sina uwezo nacho. Nimeanza saa moja jioni, nimesoma mpaka umeme umekatika, nikaendelea na tochi ya simu ya dada. Sikujua kama kitabu cha shule kinaweza kukufanya uchelewe kula. Zita mimi namwona ni mtu wa kuhisi sana. Mwongozo hausemi hivyo, kwa hiyo sijui kama naruhusiwa kuandika.

Mama Kimanga

Marahaba mwanangu. Andika. Mwalimu akikuuliza, mtajie sehemu uliyoona hivyo, akisome na yeye.

Na wangu nimemjibu jana. Nimemwambia Zita ni mtoto anayeangalia uso wa mama yake kabla ya kuomba chakula. Akasema hapana mama, mimi naona ni mbishi. Tumebishana mpaka wali ukashika ukoko.

Mzee wa Relini

Elfu nne kwa kopi! Huyo wa steshenari ni mwizi.

Kidato cha Tatu B

Tena kumbe kopi yangu ina upungufu. Kutoka ukurasa wa 40 inaruka mpaka wa 43, na mambo yalikuwa yameshapamba moto. Mwenye kitabu naomba apige picha kurasa hizo mbili anirushie.

Mama Kimanga

Kijana wangu kalala nacho, kipo chini ya mto. Nivumilie mpaka asubuhi.